Kura 53 za Zuberi Mtemvu

Ndugu Mhariri amenitaka niandike habari za mtu mmoja mashuhuri, aliyekwisha tutangulia, ambaye maisha yake yanaweza kuwafaa vijana walioko shuleni sasa na kutukumbusha mambo sisi tuliopita. Nadhani alitazamia nimchague mmoja wa wale ambao picha zao zilitundikwa kwenye kuta za madarasa yetu. Nimemchagua mtu ambaye picha yake haikupata kutundikwa, na ambaye katika daftari langu la historia alichukua nusu ya mstari. Mtu huyo ni Marehemu Zuberi Mtemvu, kiongozi wa chama cha African National Congress cha Tanganyika, kilichojulikana kwa kifupi kama ANC.

Wenzangu tuliosoma pamoja wataanza kucheka hapa, maana wanajua kwa nini jina hili lina uzito kwangu. Nawaomba wavumilie. Sababu hiyo nitaifikia, wala sitaificha.

JINSI NILIVYOLIJUA JINA LAKE

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili. Waliokuwapo watakumbuka jinsi Temeke ilivyochemka mwezi wa Oktoba mwaka ule. Jimbo lilikuwa wazi na uchaguzi mdogo ukaitishwa. Augustine Lyatonga Mrema, ambaye mwaka uliotangulia aligombea urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akashindwa na Benjamin Mkapa wa CCM, alikuja kugombea ubunge kwetu. Kuanzia Tandika mpaka Mbagala watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Ndani ya daladala abiria walibishana mpaka wakapitilizwa vituo vyao. Sisi wanafunzi tulikatazwa kuonekana mikutanoni tukiwa na sare za shule, kwa hiyo tuliyavua mashati, tukayakunja ndani ya mabegi, tukaenda na fulana. Mrema akashinda.

Jioni matokeo yalipojulikana, vijana walipita mbele ya nyumba yetu wakiimba na kupiga madebe. Babu yangu mzaa baba alikuwa ameketi barazani na redio yake. Aliwatazama mpaka wakapinda kona, kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa na walio ndani, kwamba yeye alikwisha kumpigia kura mpinzani zamani sana, mwaka 1962, na mpinzani huyo alikuwa akishindana na Mwalimu Nyerere mwenyewe.

Nilidhani babu ananitania. Shuleni tulijua kwamba Mwalimu alikuwa mgombea peke yake siku zote. Babu akasema hapana, mara ya kwanza walikuwa wawili, na yule wa pili aliitwa Zuberi Mtemvu. Akaongeza kwamba kwa miaka 34 hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata bibi.

Siku ya pili nilimwuliza mwalimu wetu wa historia. Alifurahi kuulizwa, akanieleza aliyoyajua. Baadaye, nilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilitafuta mengine katika maktaba ya Mlimani. Haya ninayoyaeleza hapa yametokana na safari hiyo, iliyoanzia barazani kwetu Temeke.

TANU NA KURA TATU

Ili kumwelewa Mtemvu hapana budi kurudi nyuma kwenye Dar es Salaam ya miaka ya 1950. Mji uligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa Uzunguni, kama vile Oyster Bay, penye upepo wa bahari na bustani. Wahindi walikaa Uhindini kwenye maduka. Waafrika walikaa Kariakoo na Ilala, na katika vitongoji vilivyokuwa vikipanuka kama Magomeni na Temeke. Mgawanyo huo huo ulikuwapo katika mishahara, hospitali na shule. Ulikuwapo pia katika Baraza la Kutunga Sheria, ambamo Wazungu, waliokuwa kama 20,000 katika nchi nzima, walipewa viti sawa na Waafrika waliozidi milioni 8.

Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, Zuberi Mtemvu alikuwa mmoja wa vijana waliokitumikia tangu mwanzo. Alifanya kazi ya ukatibu katika siku ambazo chama hakikuwa na fedha wala magari, na makao yake makuu yalikuwa nyumba ya kawaida katika mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Hili ni jambo la kukumbuka, kwa sababu baadaye watu walimsema kana kwamba alitoka nje na kuja kubomoa. Ukweli ni kwamba alikuwa mmoja wa waliobeba matofali.

Ugomvi ulianza na jambo lililoitwa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba uchaguzi wa kwanza wa Baraza ungefanyika mwaka 1958 na 1959. Nchi iligawanywa katika majimbo 10, na kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mhindi na kimoja cha Mzungu. Kila mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu. Aliyemchagua Mwafrika peke yake, kura yake iliharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilibidi awe amesoma kwa miaka minane, au awe na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe na cheo maalumu. Waliojiandikisha nchi nzima hawakufika 60,000.

Chama cha United Tanganyika Party, yaani UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining, kilipendezwa na utaratibu huo. TANU iliuchukia. Swali lilikuwa moja: je, TANU isusie uchaguzi, au iingie hivyo hivyo?

Mkutano mkuu wa TANU ulikutana Tabora mwezi Januari 1958 kulijibu swali hilo. Wengi walikwenda wakiwa tayari kususia. Mwalimu Nyerere aliona kwamba wakisusia, UTP itachukua viti vyote na kusema kwa jina la wananchi kwa miaka kadhaa. Husimuliwa kwamba aliwapa wajumbe mfano wa mtu aliyevaa kanzu nyeupe, mwenye shamba lenye mavuno ng'ambo ya tope. Akikataa kukanyaga tope, kanzu itabaki safi lakini mavuno yatapotea. Wajumbe wakakubali kuingia topeni. Historia inauita uamuzi ule Uamuzi wa Busara.

Mtemvu hakukubali. Kwake yeye, chama cha Waafrika kukubali kwamba Mzungu na Mhindi wana viti vyao vya peke yao katika nchi ya Waafrika kulikuwa kuuza msingi wenyewe wa madai. Akajitoa TANU mwaka huo huo wa 1958, akaanzisha ANC, na msimamo wake ukawa kwamba Afrika ni ya Waafrika peke yao. Kwa hiyo walipokwenda kwenye uchaguzi, vyama vilikuwa vitatu. UTP ilitaka madaraka yagawanywe kwa rangi. TANU ilitaka nchi ya watu wote ambamo wengi wangetawala. ANC, chama cha tatu na kichanga kuliko vyote, ilitaka Mwafrika apewe kila kitu, na apewe sasa.

KURA 53

Hapa ndipo pana kichekesho cha kwanza katika maisha yake ya siasa. Mtemvu aliikimbia TANU kwa sababu ilikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Kisha naye akaingia katika uchaguzi huo huo. Nadhani alitambua haraka kile ambacho Mwalimu alikiona Tabora, kwamba chama kisichogombea hakisikiki. Alijitosa topeni na kanzu yake.

Akapata kura 53.

Nawaomba vijana waitazame idadi hiyo. Si 53,000, wala 530. Ni watu 53, ambao wangeweza kuenea katika madarasa yetu mawili bila kubanana. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda karibu kila mahali, wakiwamo Wahindi na Wazungu waliokubaliana na siasa yake, kama Amir Jamal, Sophia Mustafa, Lady Chesham na Derek Bryceson. UTP, iliyokuwa na fedha na marafiki serikalini, haikuinuka tena baada ya kipigo hicho. Mtemvu hakuwa na fedha wala marafiki serikalini, na kipigo chake kilikuwa kikubwa zaidi. Yeye akabaki.

Kwa nini alishindwa vibaya hivyo? Sababu ya kwanza ni kwamba wenye haki ya kupiga kura walikuwa hasa makarani, walimu na wafanyabiashara, na wengi wao walikwisha kujifunga na TANU. Sababu ya pili ni kwamba watu waliogopa kuzigawa kura za Waafrika mbele ya mkoloni, na ni hofu niielewayo. Sababu ya tatu ni ujumbe wenyewe. Wapiga kura walikuwa na hasira, lakini hawakutaka kujenga nchi juu ya rangi ya ngozi, kwa kuwa walikwisha kuionja nchi iliyojengwa hivyo.

Uchaguzi wa pili ulifanyika mwezi Agosti 1960. Safari hii masharti yalilegezwa. Ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha nusu ya kile cha zamani. Viti vilikuwa 71. Katika viti 58 TANU haikupata hata mtu wa kushindana nayo. Mwishoni ilikuwa na viti 70, na hata yule mmoja aliyeshinda nje ya orodha yake, Herman Sarwatt wa Mbulu, hakuwa adui wa TANU. ANC ilipata kura 337 kwa jumla. Kiti haikupata hata kimoja.

UCHAGUZI WA 1962

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mtu angetazamia kwamba sasa Mtemvu angenyamaza, maana aliyekuwa akimpinga ameleta uhuru mkononi. Lakini uhuru haukuondoa manung'uniko yote. Katika ofisi nyingi wakubwa walikuwa bado Wazungu. Mwezi Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, baadhi ya wabunge wa TANU wenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na Mwalimu alisema wazi kwamba yuko tayari kujiuzulu kuliko kukubali ubaguzi huo. Kwa hiyo maneno ya Mtemvu yalikuwa na wasikilizaji hata ndani ya nyumba aliyoihama.

Babu yangu alikuwa mmoja wa wasikilizaji hao. Wakati ule alikuwa karani wa ghala, amepanga chumba Kinondoni. Alinieleza kwamba kazini kwake aliletwa kijana Mzungu kutoka ng'ambo, hajui lolote, akaambiwa amfundishe. Akamfundisha kwa miezi sita namna ya kuhesabu mzigo na kuandika vitabu. Mwezi wa saba kijana yule akafanywa mkubwa wake, na mshahara mara nyingi zaidi ya wake. Hiyo ilikuwa kabla ya uhuru. Uhuru ukaja, bendera ikapandishwa, na Jumatatu babu akarudi ghalani akamkuta kijana yule yule kwenye kiti kile kile.

Nchi ilipokuwa tayari kuwa jamhuri, uchaguzi wa Rais ulifanyika tarehe 1 Novemba 1962. TANU ilimsimamisha Mwalimu Nyerere. ANC ilimsimamisha Zuberi Mtemvu. Matokeo yalikuwa hivi: Nyerere kura 1,127,978, Mtemvu kura 21,276. Katika kila wapiga kura 100, hawakutimia wawili waliomchagua Mtemvu.

Kutoka 53, kupita 337, mpaka 21,276, mtu anaweza kusema chama kilikuwa kikikua. Mimi nafanya kazi na takwimu, na sipendi kuzitumia vibaya. Wapiga kura wenyewe waliongezeka kutoka maelfu mpaka zaidi ya milioni, kwa hiyo sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na mlango kufunguliwa. Hata hivyo, watu 21,276 walikwenda kituoni katika nchi iliyomwona Mwalimu kama baba, wakampigia kura mtu mwingine. Babu alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba hakumchukia Mwalimu hata kidogo, na alijua nani atashinda. Alitaka tu ijulikane mahali fulani, hata kama ni kwa namba, kwamba kuna karani mmoja ambaye hakuridhika.

Kutoridhika huko hakukuwa kwake peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo tunaijua kwa jina la Lugalo, waliasi. Walitaka nyongeza ya mshahara, na walitaka maofisa Waingereza waondolewe na nafasi zao wapewe Waafrika. Sisemi kwamba Mtemvu alihusika, maana hakuna mahali nilipoona hivyo. Nasema tu kwamba jambo alilokuwa akilisema kwenye majukwaa matupu lilikuwamo vifuani mwa watu wengi kuliko kura zake zilivyoonyesha.

MLANGO UNAFUNGWA

Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba nchi ifuate mfumo wa chama kimoja. Mwezi huo huo TANU, ambayo mpaka hapo uanachama wake ulikuwa wa Waafrika tu, ilifungua mlango kwa watu wa rangi zote. Msomaji ataona ajabu ya mambo hayo mawili kwenda pamoja: mlango mmoja ulifunguliwa na mwingine ukafungwa. Mwaka 1965 katiba ya muda ikakifanya chama kimoja kuwa sheria. Mtemvu naye hatimaye alirudi TANU, chama alichokuwa amekisaidia kukijenga, na ANC ikabaki katika vitabu.

Wapo wanaomlaumu kwa kurudi. Mimi simlaumu. Hakukuwa na uwanja mwingine wa kuchezea, na mtu aliyekwisha kushindwa mara tatu mbele ya nchi nzima hawezi kuambiwa kwamba hakujaribu.

Kuanzia 1965, mpiga kura wa Rais alipewa jina moja, aseme ndiyo au hapana. Iliendelea hivyo katika 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990. Jina la pili halikuonekana tena mpaka mwaka 1995. Kwa hiyo kwa miaka 33 Zuberi Mtemvu alikuwa mtu pekee katika historia ya nchi yetu aliyepata kuandikwa kama mshindani kwenye uchaguzi wa Rais wa nchi huru ya Tanganyika au ya Muungano.

Babu yangu aliendelea kupiga kura. Katika miaka ya mfumo wa chama kimoja wagombea ubunge wawili wa TANU walishindanishwa katika majimbo mengi kwa alama za jembe na nyumba, na mawaziri kadhaa waliangushwa. Upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, palipo na Kinondoni, mmoja wa wagombea alikuwa Derek Bryceson, Mzungu aliyezaliwa China kwa wazazi Waingereza, rubani wa vita aliyejeruhiwa, kisha mkulima na waziri wa serikali ya Mwalimu. Wapiga kura, karibu wote Waafrika, walimchagua kwa wingi. Babu naye alimpigia kura, yeye yule wa 1962.

Nilimwuliza imekuwaje. Alijibu kwamba mwaka 1962 alimtazama Mzungu mmoja ghalani na akawaona Wazungu wote. Baadaye alimwona mwingine, aliyekuja na kupanga foleni ya kuomba kura kama mtu mwingine yeyote. Akasema Mtemvu alikosea kuhusu rangi, na kwamba yeye babu alikosea pamoja naye. Lakini akasema hajutii kura ile, kwa sababu ilikuwa yake.

SABABU YA JINA LANGU

Sasa nafikia lile ambalo wenzangu wanalingoja. Mwaka 1997, nikiwa kidato cha tatu, niligombea ukaka mkuu. Tulikuwa watatu. Wawili walikuwa vijana wanaojulikana, mmoja mchezaji mpira na mwingine msemaji hodari wa midahalo. Mimi nilikuwa wa tatu. Nilihutubia paredi nzima juu ya maharage ya shule na umuhimu wa kubadilisha uongozi, na nikamtaja Mtemvu katika hotuba yangu nikidhani nitaonekana msomi. Nilipata kura 11.

Tangu siku hiyo niliitwa Mtemvu, na wapo mabwana wazima wenye mvi ambao mpaka leo wananiita hivyo kwenye simu. Lakini lililo muhimu ni lililotokea baada ya matokeo kutangazwa. Nilijificha nyuma ya tangi la maji nikalia. Mwalimu wa historia, yule yule, alinifuata. Hakunipa pole. Aliniambia niende mara moja nikampe mkono aliyeshinda, tena mbele ya watu, kisha niende nikawashukuru wale 11. Nilisema siwajui ni nani. Akaniambia basi niishi shuleni kana kwamba yeyote ninayekutana naye anaweza kuwa mmoja wao.

Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Niliijua methali hiyo tangu darasa la tatu. Siku ile nyuma ya tangi ndipo nilipojua maana yake.

FUNZO

Mimi ni mtumishi wa serikali, na sheria za kazi yangu zinanizuia kushabikia chama chochote. Simwandiki Mtemvu ili kumtukuza mtu wa upinzani au kumpunguzia sifa Mwalimu. Naamini wananchi walichagua vyema mwaka 1962. Tungejenga nchi juu ya rangi, leo tungekuwa tunachinjana kwa kabila, maana ubaguzi hauishii mahali ulipoanzia. Mwalimu mwenyewe alilisema hilo mara nyingi.

Lakini nataka tuone pia faida aliyoileta aliyeshindwa. Bila Mtemvu, ushindi wa kura 1,127,978 ungekuwa tangazo. Kwa sababu yeye alikuwapo, ulikuwa uchaguzi. Aliwalazimisha TANU wajibu kuhusu uraia na kazi mbele ya wananchi, na wananchi wakasikia majibu na kuyakubali. Hoja iliyokubaliwa baada ya kupingwa ina nguvu kuliko ile ambayo haikupata kupingwa.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Takribani watu 8 katika kila 10 walisema kimoja kinatosha. Tume, baada ya kupima mambo, ilipendekeza vyama vingi, na mfumo huo ukaanza mwaka 1992. Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1990 alikuwa ameruhusu mjadala huo uanze, alikuwa miongoni mwa walioona kwamba wale wachache wasipuuzwe. Tangu 53 mpaka hao wawili katika kumi, nchi yetu ilikuwa imejifunza kitu juu ya kuwahesabu wachache.

Mwaka 2010 nilikuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura katika wilaya ya Temeke. Tulihesabu usiku, kwa taa ya chemli, mawakala wakitukodolea macho. Mgombea mmoja wa chama kidogo, ambaye hata wakala hakuwa naye, alikuwa na kura mbili. Karani wangu, kijana aliyechoka, alitaka tuziache pembeni, akisema hazibadilishi kitu na hakuna wa kuuliza. Nilizichukua karatasi zile mbili, nikazinyoosha, nikamwonyesha kila wakala moja baada ya nyingine, nikaandika namba 2 kwenye fomu. Kijana alinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa nikimfikiria karani mwingine, wa ghala, aliyekwenda kituoni mwaka 1962. Kama msimamizi wake angefanya uvivu, kura zingekuwa 21,275, na babu yangu angekuwa hakusema kitu.

Babu amekwisha fariki. Zuberi Mtemvu naye amelala zamani. Mungu awarehemu wote wawili.

Kwa vijana walioko shuleni sasa, nina maneno machache. Mtakapochagua viongozi wenu, yupo mmoja ambaye atasimama mbele ya paredi akijua hatashinda. Msimzomee. Msikilizeni, mkatae hoja yake kama ni mbaya, kisha mhesabu kura zake zote. Na wewe ambaye utapata kura 11, ukimaliza kulia nyuma ya tangi, nenda kampe mkono aliyekushinda.

Kwenu wenzangu wa zamani, tutaonana kwenye mkutano wetu. Nimekwisha zoea, mniite Mtemvu.